Jua la Pwani si Jua la Kedowa



Mama mmoja wa upande wa Kisauni ametuletea swali kupitia kwa mwalimu wa madrasa ya watoto wake, nasi tumeliweka hapa kwa ruhusa yake kwa kuwa twajua hayuko peke yake. Yeye na mumewe wamenunua matatu iliyostaafu, wakang'oa viti vya nyuma, wakatia vitanda, kabati na tangi la maji, ili likizo ya Aprili waende Kedowa, kaunti ya Kericho, alikoolewa binti yao. Nyumba ya binti ni ndogo na wageni watakuwa saba, kwa hivyo baadhi yao watalala garini, uani. Umeme wa nguzo haujafika uani hapo. Fundi wa hapa mjini amewaahidi paneli moja ya sola ya wati 100 juu ya paa, na betri ya kawaida ya gari chini ya kitanda, akasema kwamba hiyo yatosha taa, simu na friji ndogo. Na katika msafara huo yumo mama mkwe wake, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, anayejidunga insulini asubuhi na usiku. Swali la mama huyu ni fupi: "Sheikh, yatosha?"

Haitoshi. Lau pangekuwa na taa na simu tu, tungelisema yatosha na kuzidi, tukaendelea na mengine. Lakini friji imeingia, na ndani ya friji imewekwa dawa ya mtu, na hapo hesabu haitaki maneno ya jumla.

Twaomba kina mama wasiogope hesabu hii, kwani ni ile ile ya unga na sukari ya mwezi. Kila chombo cha umeme kina wati zake, na wati zikizidishwa kwa saa ambazo chombo kimefanya kazi, twapata wati-saa, ambazo ndizo kipimo cha kile kilicholiwa. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 imekula wati-saa 20. Taa tatu, 60. Simu nne zikichajiwa kila siku zitakula kama 60 nyingine. Pampu ndogo ya kupandisha maji ya kutawadhia, inayofanya kazi robo saa tu kwa siku, hula wati-saa 10. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa, ya lita 40 hivi, huvuta takriban wati 45 inaponguruma, nayo hainguruma mfululizo. Kwenye baridi ya Kedowa tukikadiria kuwa itafanya kazi theluthi ya siku, yaani saa 8, itakula 360. Jumla ni 490. Tuseme 500.

Sasa tutazame kinachoingia. Jua huangaza mchana kutwa, lakini la asubuhi na la jioni ni dhaifu, kwa hiyo mafundi hukusanya nguvu ya mchana wote na kuihesabu kana kwamba ni saa chache za jua kali kamili. Hapa pwani siku njema huhesabiwa saa 5. Mia mara tano ni 500, na hapo ndipo tulipoelewa hesabu ya fundi ilikotoka. Inalingana na mahitaji kama kifuniko na chungu. Ila amesahau kwamba umeme hupotea njiani: katika waya, katika betri yenyewe inapopokea na kutoa, katika vumbi lililokaa juu ya kioo, na katika joto. Mtu mwangalifu huondoa kama asilimia 30. Zikabaki 350, na bado gari halijatoka Mombasa.

Kedowa iko juu ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, baada ya kuacha njia ya Eldoret pale Mau Summit na kupita njia panda ya Londiani, katika mwinuko unaozidi mita 2,000. Aliyekwenda huko kwa mara ya kwanza kutoka Mvita husimulia baridi, kisha husimulia ukijani. Ukijani huo una sababu. Chai haipendi ukame. Hutaka mvua iliyotawanyika mwaka mzima, na mawingu yanayoizuia jua lisiikaushe. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Viktoria, ikakutana na upepo wa mashariki juu ya milima, na ifikapo alasiri mbingu imefunga. Mvua yake mara nyingi huja na mawe. Ukanda wa Kericho na Nandi unajulikana mbali kwa hilo, na wenye chai huhesabu hasara ya majani yaliyochanwa. Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua kubwa zaidi. Basi kile kile kinachomneemesha mkulima wa chai humfilisi mwenye sola, na familia hii imechagua kwenda Aprili.

Siku mbaya ya masika huko sisi twaihesabu kwa saa 3. Zipo siku zitakazozidi hapo, tena nyingi, lakini dawa ya mgonjwa haihifadhiwi kwa wastani. Mia mara tatu, ukiondoa kinachopotea, ni wati-saa 210. Mahitaji ni 500. Kila siku inapungua 290, na pengo hilo litazibwa na betri. Betri ya kawaida ya gari ya ampea 60 ina wati-saa 720 kwa jina, na haifai kutolewa zaidi ya nusu, yaani 360. Kama mawingu yatakaa siku mbili mfululizo, jambo ambalo si geni huko, friji itazimika usiku wa siku ya pili, wakati wote wamelala.

Kwa nini nusu? Betri ya gari imeundwa kwa kazi moja: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha kujazwa mara moja. Bamba zake za risasi ni nyembamba. Ukiimaliza kila usiku kama taa ya kibatari, haimalizi mwaka, na pengine haimalizi likizo. Watu wa milimani walilijua hili kabla yetu. Katika miaka ya 1980, kabla sola haijaenea, mkulima wa chai au kahawa aliyenunua televisheni aliiendesha kwa betri ya gari, na betri ilipokufa aliibeba kwa baiskeli au mkokoteni hadi sokoni ikachajiwe kwa malipo, kisha akarudi nayo. Mwaka 1984 shule ya sekondari ya Karamugi, huko Meru, iliwekewa umeme wa jua. Waliohusika walikuwa mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins, na mafundi wa sehemu zile walipata mafunzo. Kutoka hapo biashara ikajiendesha yenyewe, wakulima wakinunua paneli ndogo kwa fedha zao, hadi Kenya ikatajwa ulimwenguni kwa jambo hilo. Walichokuwa wakikinunua hasa ni kuepukana na ile safari ya kubeba betri. Twalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani sola ni jambo jipya lililokuja na kampuni za kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kampuni hizo zimekuja juzi, katika miaka ya 2010.

Basi tumweleze fundi nini? Paneli mbili za wati 150, jumla 300. Kwa saa 3 na kupotea kwa asilimia 30, zitaleta wati-saa 630 hata siku mbaya, na hapo friji, taa, simu na pampu vimeshiba na kimebaki cha akiba. Paa la matatu lazipokea bila taabu. Betri iwe ya akiba, ile inayotengenezwa mahususi kwa sola, ya ampea 200 ikiwa ni ya risasi. Nusu yake ni wati-saa 1,200, zaidi ya siku mbili bila jua hata kidogo. Au iwe ya lithiamu, ile aina ya fosfati ya chuma, ya ampea 100, ambayo huweza kutolewa sehemu kubwa ya chaji yake bila kudhurika, na uzito wake ni mdogo mno. Bei yake hushtua. Lakini huishi miaka mingi zaidi, na mwenye uwezo asiipite kwa sababu ya bei ya siku moja.

Kuna neema moja ya gari ambayo nyumba haina, nayo fundi hakuitaja kabisa. Kutoka Mombasa hadi Kedowa ni zaidi ya kilomita 700. Injini itakuwa ikizunguka saa kumi na zaidi, na jenereta ya gari inaweza kuijaza betri ya pili njia nzima, mradi kiwekwe kifaa cha kuunganisha betri mbili kinachojitenga chenyewe injini ikizimwa. Kifaa hicho kikikosekana, friji itainyonya hata betri ya kuwashia, na asubuhi wageni watasukuma gari kwenye matope ya Kedowa mbele ya wakwe. Kikiwekwa, watafika betri imejaa, na hata siku mbili za mawingu zikipita, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi Kericho mjini hurudisha sehemu nzuri.

Jambo jingine lenye kuwashangaza wengi: paneli hupenda mwanga na huchukia joto. Kila digrii inayozidi 25 huipunguzia nguvu kwa takriban asilimia 0.4. Paneli iliyolala juu ya bati la gari hapa Mombasa saa saba mchana yaweza kufika digrii 60, ikapoteza asilimia 14 bila wingu lolote. Kwa hivyo isigundishwe kwenye paa. Iinuliwe kwa vyuma, upepo upite chini yake kiasi cha vidole vitatu au vinne. Na paa lenyewe litapata kivuli, waliomo ndani wapumue. Zile paneli nyembamba zinazokunjika, zisizo na kioo, ambazo hugundishwa kama stika, hatuzipendi kwa safari hii: hupata joto, na mawe ya mvua huziumiza. Paneli ya kioo kigumu iliyopita majaribio ya kimataifa hupigwa kwa mipira ya barafu yenye upana wa milimita 25 kabla ya kupewa cheti. Dukani muulize mwuzaji akuonyeshe cheti.

Wala hapana haja ya kuziinamisha kama wafanyavyo Wazungu kwenye magari yao ya kulala. Kwao jua hupita pembeni mwa mbingu. Kedowa iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, jua linapita utosini, na paneli iliyolala hupokea haki yake. Yatakiwa kuangalia mambo mawili tu: gari liegeshwe mahali ambapo jua la asubuhi lalifikia, maana alasiri si ya kutegemewa, na lisiwekwe chini ya mikaratusi. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli hupunguza kazi ya paneli nzima, si ya kona ile pekee.

Sasa tuje kwenye lile lililotufanya tuandike kwa kirefu. Watu watalala juu ya betri hiyo. Umeme wa volti 12 haumkamati mtu kama ule wa ukutani, na kwa hilo watu huudharau. Lakini kwa kuwa volti ni chache, ampea ni nyingi. Paneli za wati 300 zaweza kusukuma ampea 25, na ampea 25 ndani ya waya mwembamba wa spika ni moto. Waya kutoka kwenye paneli uwe mnene, usipungue milimita 6 za mraba. Kati ya paneli na betri kiwepo kidhibiti chaji cha ampea 30, kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi na isikaushwe. Karibu kabisa na kichwa cha betri, upande wa chanya, iwekwe fyuzi. Ikiwekwa mbali, waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche. Ama iwe ndani ya sanduku lenye bomba la kutoa hewa nje ya gari, ama isikae kabisa chumba kimoja na wanaolala. Betri ya maji chini ya kitanda cha watoto, kama alivyopendekeza fundi huyu, hatuikubali. Ifungwe pia kwa mkanda wa chuma, kwani betri ya kilo hamsini katika ajali haina rafiki.

Wakati wa kuunganisha, betri hutangulia kwenye kidhibiti, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia. Baba wa nyumba na alijue hili, na mama pia, kwa kuwa fundi hatakuwepo Kedowa. Na mwenye kufunga aulizwe leseni. Kanuni za sola za mwaka 2012 zataka afungaye mitambo hii awe na leseni, ambayo siku hizi hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Kumwuliza fundi leseni si kumvunjia heshima. Twamwuliza daktari, twamwuliza dereva.

Tumekwisha kusema friji ya kompresa. Sokoni zipo nyingine za bei nafuu, zisizo na kompresa, zinazopoza kwa feni na zikigeuzwa swichi hupasha moto. Hizo huvuta kama wati 50 bila kupumzika, zaidi ya wati-saa 1,000 kwa siku, na upoaji wake hufuata joto la nje. Zafaa soda, insulini zisipewe.

Na juu ya insulini yenyewe, mama huyu amepata hofu kubwa kuliko inayostahiki upande mmoja, na ndogo kuliko inayostahiki upande mwingine. Chupa au kalamu ambazo hazijafunguliwa hukaa kati ya digrii 2 na 8. Ile iliyokwisha kufunguliwa na inayotumika, kwa aina nyingi, huweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, mradi joto lisivuke kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Mfamasia asomewe jina la dawa aseme yeye. Kwa baridi ya Kedowa, kalamu inayotumika haina shida hata friji ikizimika. Hatari yake iko njiani. Voi na Mtito Andei mchana, gari limeegeshwa watu wakisali na kula, vioo vimefungwa: humo ndani dawa huharibika, nayo huweza kuonekana vile vile kwa macho. Na hatari ya pili ni barafu. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka. Isiegemezwe kwenye ukuta wa friji unaotoa ubaridi. Itiwe ndani ya kikopo chenye kitambaa, na kipimajoto kidogo kiwekwe kando yake, ambacho bibi mwenyewe aweza kukisoma. Wajukuu wafundishwe kutoigusa swichi ya friji kwa kutaka maji yawe ya baridi zaidi.

Zaidi ya hapo, hatupendi uhai wa mtu utegemee waya mmoja. Kasha la kuhifadhia ubaridi liende nalo, na vifuko vya barafu vilivyofungwa kwa taulo ili visigusane na dawa. Na dawa ya akiba igawanywe mahali pawili. Wazee wetu walipoza maji kwa mtungi wa udongo uliowekwa penye upepo, na kalamu inayotumika, ikitiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, yaweza kuvuka mchana wa Tsavo katika chombo cha namna hiyo, kwani kwenye joto kavu udongo uliolowa hupoza vizuri kuliko hapa kwetu penye unyevu.

Limebaki jambo ambalo mama hakutuuliza. Usiku wa Kedowa mtu wa pwani hutetemeka, na sola hii haiwezi kumpasha moto mtu. Hita ya umeme ya wati 1,000 yamaliza akiba yote kwa saa moja na dakika chache. Birika la umeme na pasi ni vivyo hivyo, viachwe nyumbani. Ndipo baadhi ya watu huingiza jiko la makaa garini, wakafunga milango, wakalala. Moshi wa makaa yaliyokolea hauonekani wala haunuki, na hewa yake huua aliyelala bila kumwamsha. Jiko likae nje, hata likiwa limebaki majivu mekundu. Wachukue mablanketi mazito, mawili kwa kila mtu, soksi za sufu, na chupa za maji ya moto za kuweka miguuni mwa bibi, maji yakiwa yamechemshwa jikoni kwa binti. Na kwa kuwa wenye sukari wengi hupungukiwa na hisia nyayoni, chupa hiyo ifungwe kwa kitambaa na ipimwe kwa mkono wa mtu mwingine.

Tumemwandikia haya yote katika karatasi moja, na ile hesabu ya 500 na 630 upande wa nyuma, ampelekee fundi. Akikubali, kazi ni ya siku mbili. Akisema mambo haya ni mengi mno kwa gari la likizo, amtafute mwingine. Na ikiwa Aprili itafika kabla fedha za paneli ya pili na betri hazijatimia, basi waende na taa, simu na kasha la barafu, na dawa ya akiba aombewe binti aihifadhi kwenye friji ya duka la dawa lililo karibu naye, akiwa ameshazungumza nao mapema. Friji ya garini itasubiri likizo ya Agosti. Mvua ya huko Agosti nayo si haba, kwa hivyo paneli ziwe mbili vile vile.